Nani Aling'oa Mibuni ya Babu?

Mwaka 2002 babu yangu mzaa mama aling'oa mibuni ya kibanja chake huko Kagera. Hakuing'oa yote, alibakiza michache nyuma ya nyumba, ile ya kutafuna. Nilikuwa na miaka sita. Ninachokumbuka zaidi ni moshi, kwa sababu mbuni mbichi haukubali kuwaka, unafuka tu kutwa, na nguo zetu zilinuka moshi wiki nzima. Nakumbuka pia kwamba mwaka huohuo mama mdogo, aliyekuwa kidato cha pili, alikuja likizo ya Juni na hakurudi tena shule. Nilipouliza sababu, nilitajiwa jina la nchi: Vietnam. Redio ilikuwa imetangaza kwamba Vietnam wamelima kahawa nyingi mno na bei imeanguka. Kwa miaka mingi baada ya hapo, nikisikia jina hilo sikufikiria helikopta na mabomu ya kwenye filamu. Niliona sare ya mama mdogo ikining'inia kwenye msumari, mpaka rangi ya bluu ikapauka.

Machi 2024 nilikuwa Bangkok. Nilikuwa nimekabidhi tasnifu yangu, nimebakiwa na wiki tatu na akiba kidogo. Agosti iliyotangulia Vietnam ilikuwa imeanza kutoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, kwa hiyo pasipoti yetu, iliyozoea kuwekwa pembeni ikisubiri, safari hii ilipita bila maswali. Mama hakutaka kusikia habari ya mimi kuzurura peke yangu, nami sikuwa na pesa za hoteli. Nikajiunga na kikundi kidogo cha wabeba shanta: wasafiri wanane na kiongozi mmoja, siku 14, kutoka Hanoi kushuka kusini hadi Jiji la Ho Chi Minh, ambalo karibu kila niliyekutana naye bado analiita Saigon. Tungelala kwenye vitanda vya ghorofa, tungesafiri kwa treni ya usiku na mabasi. Niliichagua safari hiyo kati ya nyingine nyingi kwa sababu moja tu. Siku ya tisa na ya kumi ziliandikwa: Buon Ma Thuot, nyanda za juu, mashamba ya kahawa.

Jioni ya kwanza kiongozi wetu alituketisha kando ya barabara kwenye viti vya plastiki vifupi kama kigoda cha jikoni kwa bibi. Kabla ya jambo lolote alimuuliza kila mtu umri wake. Mwingereza mmoja alikasirika kidogo. Lakini Kivietnam hakina "mimi" na "wewe" ya kumtosha kila mtu. Usipojua nani mkubwa, huwezi hata kuanza sentensi. Yeye, mwenye miaka arobaini na mbili, akawa anh, yaani kaka. Mimi nikawa em, mdogo wake. Mama mmoja Mjerumani wa miaka 66, mwalimu mstaafu kutoka Leipzig, akawa cô, ambaye ni shangazi hasa, dada wa baba. Wazungu walihangaika na jambo hilo siku tatu. Mimi nililizoea kabla kinywaji hakijapoa, na tangu jioni ile nikamwita kaka na yeye akaniita mdogo wangu, kila mmoja kwa lugha aliyoiweza.

Kisha tukaambiwa tuseme kilichotuleta. Mmarekani wa makamo alisema baba yake alipigana hapa na hajawahi kulizungumzia. Msichana wa Australia alisema babu yake aliandikishwa jeshini kwa kura, akaletwa huku. Waingereza walitaja chakula na bahari. Zamu yangu ilipofika nikasema kahawa, wakacheka, wakidhani ni mzaha wa mtu mwenye usingizi.

Kinywaji chenyewe kilikuwa kahawa ya yai. Inapatikana Hanoi nzima, lakini historia yake inajulikana: mwaka 1946 Nguyễn Văn Giảng, aliyekuwa mhudumu katika hoteli ya Metropole, alikosa maziwa kwa sababu ya vita, akapiga ute wa njano wa yai pamoja na sukari hadi ukaumuka, akaumwaga juu ya kahawa. Ladha yake ni kama kula keki kwa kijiko. Chini ya povu hilo kuna kahawa nzito, chungu, inayokwaruza koo. Niliijua tangu tama ya kwanza. Ilikuwa robusta.

Hapa lazima nirudi nyuma, kwa sababu mmea huu umetembea kuliko sisi wote wanane. Wamisionari wa Kifaransa walileta kahawa Vietnam mwaka 1857, mwaka mmoja kabla mizinga ya Ufaransa haijapiga Da Nang. Hiyo ilikuwa arabika. Lakini kuanzia mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani uliikumba arabika ya Ceylon, ukaimaliza kabisa, kisiwa kikageukia chai, na ugonjwa ukaendelea na safari yake kuelekea Java na kwingineko Asia. Wakoloni wakatafuta mti wa kahawa usiougua. Wakaupata katika misitu ya Kongo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mbegu zake zilipitia kwa wauza miche wa Brussels, ndio walioipa jina la biashara la robusta, yaani yenye nguvu, zikapelekwa Java, na kutoka huko zikaenea Asia yote, Vietnam ikiwemo.

Mti huohuo, kwa asili yake, unaanzia bonde la Kongo hadi kandokando ya Ziwa Viktoria. Kwetu Uhaya haukungoja Mzungu aupe jina. Wazee waliulima kabla Wajerumani hawajajenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, na hawakuulima kwa ajili ya kunywa. Buni ilichumwa ingali mbichi, ikachemshwa pamoja na majani yenye harufu, ikakaushwa, ikatafunwa. Ndiyo amwani. Mgeni akifika anapewa buni kabla hajaulizwa shida yake. Na watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu, walichukua buni moja, yenye mbegu mbili ndani ya ganda moja, kila mmoja akaipaka mbegu yake damu yake na kumpa mwenziwe aimeze. Haikuwa zao la kila mtu. Wakama walidhibiti nani apande. Ni ukoloni, pamoja na kodi yake, ulioigeuza kuwa fedha ya kibanja cha kawaida, kiasi kwamba babu alipozaliwa ilikuwa tayari haiwezekani kufikiria karo, mahari au bati bila kahawa.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa Hanoi, kilomita maelfu kutoka nyumbani, nimenunuliwa kikombe cha jamaa yangu.

Treni ya kwenda kusini iliondoka usiku. Reli hiyo, kilomita 1,726 kutoka Hanoi hadi Saigon, Wafaransa waliikamilisha mwaka 1936. Baadaye nchi ilikatwa na reli ikakatwa, madaraja yakapigwa mabomu, na treni ya kwanza kuunganisha tena miji hiyo miwili ilipita mwisho wa mwaka 1976. Vitanda vilikuwa sita kwa chumba. Wenzangu walilala mapema. Mimi na kaka tulibaki kwenye korido, tumeegemea dirisha, na hapo ndipo nilipojua kwamba baba yake hakupigana na Wamarekani. Alikuwa mdogo mno wakati ule. Alipelekwa Kambodia.

Nikamuuliza mwaka. Akasema walivuka mpaka Desemba 1978.

Naomba msomaji wa rika langu asimame kidogo hapa, kwa maana shuleni tulifundishwa Vita vya Kagera kana kwamba vilitokea peke yake duniani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka na kuteka eneo letu lote la kaskazini ya mto Kagera. Babu aliwapokea watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto. Walilala kwenye banda la kuanikia kahawa. Mwaka huohuo majeshi ya Pol Pot yalikuwa yakivuka mpaka na kuua wanavijiji wa Vietnam. Tarehe 25 Desemba 1978 Vietnam ikaingia Kambodia kwa nguvu zote, na tarehe 7 Januari 1979 Phnom Penh ikaanguka. Jeshi letu nalo likaingia Uganda, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Nchi mbili maskini, kila moja katika bara lake, ndani ya majira hayohayo, zilimwondoa jirani muuaji, na zote zikaambiwa zimevunja sheria ya mipaka. Vietnam iliadhibiwa zaidi. China iliishambulia Februari 1979, nchi za Magharibi zikaibana kiuchumi, na katika Umoja wa Mataifa kiti cha Kambodia kiliendelea kukaliwa na wajumbe wa waliofukuzwa. Askari wa mwisho wa Vietnam hawakurudi hadi Septemba 1989. Tanzania ililipia vita vyake yenyewe.

Kaka aliniuliza baada ya vita tulikula nini. Nilimweleza yale niliyosimuliwa na bibi: foleni za sukari, foleni za sabuni, watu kuacha mawe kwenye mstari yawashikie nafasi huku wakienda shamba. Akanitazama kwa muda. Kisha akasema kwao yalikuwa matofali, na mtu aliandika jina lake juu ya tofali.

Sitakaa sana Hue wala Hoi An. Hue ina ngome ya wafalme ambayo mapigano ya mwaka 1968 yaliiacha imejaa matundu, na Mmarekani wetu alisimama mbele ya ukuta mmoja hadi basi likampigia honi. Hoi An ni nzuri, ina taa za rangi, ina mafundi cherehani wanaoshona suti kwa siku moja, na ilikuwa na watalii wengi kuliko wenyeji. Nilinunua nanasi. Mawazo yangu yalikuwa mbele.

Safari ya kupanda nyanda za juu ilichukua siku nzima kwenye basi dogo, na shangazi wa Leipzig alikaa karibu nami. Alikuwa amefikiri kuhusu kahawa yangu tangu Hanoi. Akaniambia kwamba kule alikokulia, Ujerumani Mashariki, kahawa ilikuwa karibu na dini, na mwaka 1977 serikali ilijaribu kuwanyima. Baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ikaruka, na nchi yake haikuwa na dola. Wakaletewa madukani pakiti za mchanganyiko ambao karibu nusu yake haikuwa kahawa kabisa. Mama yake alikunywa kikombe kimoja, akaifunga pakiti na kuirudisha dukani. Wengi walifanya hivyo. Mashine za migahawani zikaziba. Katika nchi ambayo watu hawakuthubutu kulalamikia jambo kubwa, walilalamikia hilo, kwa sauti, na wakuu wa chama wakaogopa.

Waliogopa kiasi cha kwenda kutafuta kahawa kwa marafiki. Ethiopia walipeleka silaha wakachukua buni. Vietnam walifanya jambo la muda mrefu zaidi. Kwa mkataba wa mwaka 1980, Wajerumani walileta mashine, malori na wataalamu katika mkoa wa Dak Lak, wakajenga nyumba na hospitali kwa ajili ya watu takribani 10,000 waliohamishiwa huko, na mashamba ya mradi yakakua kutoka hekta 600 hadi 8,600. Vietnam nayo ingewapelekea nusu ya mavuno kwa miaka 20. Mavuno makubwa ya kwanza yalitarajiwa mwaka 1990.

"Nawe unajua mwaka 1990 ulitukuta wapi," shangazi akasema. Nchi yake ilikufa Oktoba ya mwaka huo. Mibuni ilibaki. Alisema hivyo akitazama dirishani, na kando ya barabara mibuni ilikuwa tayari imeanza, mstari baada ya mstari, ikiwa na maua meupe.

Buon Ma Thuot ni jina la Kiede, watu wenyeji wa nyanda hizo. Maana yake ni kijiji cha Baba Thuot. Mtu huitwa kwa jina la mwanawe, kama sisi tunavyosema Mama Neema au Baba Juma. Katikati ya mji kuna kifaru cha vita juu ya mnara, kwa sababu hapa, tarehe 10 Machi 1975, ndipo Kaskazini walipoanza shambulio lao la mwisho. Siku hamsini baadaye walikuwa Saigon. Wenzangu walipiga picha. Kaka alitupeleka kesho yake asubuhi kwa mzee mmoja anayelima nje ya mji, kwenye hekta moja na kitu, ambalo ndilo shamba la kawaida huko. Sikuwa nimetarajia hilo. Kichwani mwangu, aliyeangusha bei ya dunia alipaswa kuwa na mashamba yasiyoisha na ndege za kunyunyiza dawa. Nilikuta mzee mwenye kandambili, na mbwa.

Nilimwita ông, babu. Alinitembeza. Mibuni yao haifanani na yetu. Kwetu ni mirefu, imejificha chini ya migomba, ukichuma unainamisha tawi au unapanda. Yake ilikatwa kichwa kwa urefu wa mtu, ikatandazwa kama mwavuli, haina kivuli, na kila shina limechimbiwa beseni la udongo. Katika kiangazi, ambacho ndicho kipindi tulichofika, anaburuta mpira wa maji kutoka beseni hadi beseni, mamia ya lita kwa kila mti, kisha anarudia tena baada ya wiki chache. Ndiyo sababu maua hufunguka yote kwa pamoja, kwa siku chache, na kilima kizima kinanukia kama asumini. Babu yangu hajawahi kumwagilia mbuni hata mmoja maishani mwake. Tuliachia mvua.

Mzee alizaliwa Thai Binh, kule kaskazini kwenye mashamba ya mpunga yaliyobanana. Mwaka 1984 aliambiwa aende akafungue ardhi mpya nyanda za juu, akaenda na mke na mtoto mmoja. Mwanzoni walikuwa vibarua wa shamba la serikali, wakilishwa kwa kuponi. Kisha mkutano mkuu wa chama wa Desemba 1986 ulitangaza Doi Moi, mageuzi ya uchumi, na pole kwa pole mashamba yakagawiwa kaya. Mtu ambaye jana alipalilia kwa sababu ya kuponi alianza kuamka saa tisa usiku. Nchi iliyovuna chini ya tani 100,000 za kahawa mwaka 1990 ilivuna karibu tani 900,000 miaka kumi baadaye, na kuzipita nchi zote isipokuwa Brazil.

Nilimsimulia habari za babu. Nilikuwa nimeipanga hotuba hiyo tangu Bangkok, na nakiri ilikuwa na makali: moshi, mibuni, mama mdogo. Kaka alitafsiri taratibu, nadhani alipunguza makali. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza mwaka.

Nikasema 2002.

Akasema yeye alikata mwaka 2001. Si yote, nusu. Bei ilikuwa haifikii hata gharama ya mbolea na dizeli ya pampu, na alikuwa na deni benki. Akaniuliza babu alipanda nini badala yake. Nikasema maharage, halafu vanila, kwa sababu watu walisema vanila ni dhahabu, na mara tu ilipokomaa bei ya vanila nayo ikaanguka. Kaka alipotafsiri, mzee alicheka hadi akakohoa. Yeye alipanda pilipili manga. Ilipanda bei miaka kadhaa, kila jirani akapanda, ikaanguka.

Sikujua niiweke wapi hasira yangu. Niliibeba miaka 22, nikaileta hadi kwenye ua wa mtu aliyepatwa na jambo lilelile mwaka mmoja kabla yetu.

Nilichosoma baadaye hakikunirudishia adui wangu. Tangu mwaka 1962 kulikuwa na mkataba wa kimataifa wa kahawa uliogawa viwango vya kuuza nje, ili bei isianguke. Marekani iliuunga mkono zaidi kwa hofu kwamba mkulima mwenye njaa angekuwa mkomunisti. Hofu ilipopungua, mkataba haukuwa na mwenyewe. Julai 1989 viwango vilifutwa, na bei ikaanguka kwa takriban nusu kabla mwaka haujaisha. Baridi iliyoikumba tena Brazil mwaka 1994 iliipandisha kwa muda, na ndiyo iliyowashawishi Wavietnam wengi kupanda. Brazil nao walihamia maeneo yasiyo na baridi kali, wakapanda zaidi. Mwaka 2001 wastani wa bei ya dunia ulikuwa chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. Kwetu, ugonjwa wa mnyauko ulioitafuna robusta ya Uganda ulikuwa umeshavuka mpaka kuingia Kagera tangu mwaka 1997. Baadhi ya mibuni aliyoing'oa babu ilikuwa inakufa tayari, ingawa nyumbani hilo halisemwi. Na kulikuwa na butura, ile desturi ya kuuza kahawa ingali maua kwa mlanguzi mwenye fedha mkononi, kwa bei ya aibu. Karo ya mama mdogo ya mwaka 2001 ilitoka kwenye butura. Ilipofika 2002 hapakuwa na maua ya kuuza.

Ninaweza kupanga sababu hizo kwa uzito, na siku nyingine huwa naanzia mkataba wa 1989. Lakini kama ningemwambia mama mdogo kwamba alikatishwa masomo na kumalizika kwa Vita Baridi, angeniuliza kama nimekula.

Kuna jambo sikuuliza pale uani, na linanisumbua. Tukielekea kwa mzee tulipita nyumba ndefu za Kiede, zilizoinuliwa juu ya nguzo, ambazo ukoo unarefusha kadiri mabinti wanavyoolewa, maana kwao mume ndiye anayehamia kwa mke. Ilikuwa wazi kwamba vilima hivyo vilikuwa vya mtu kabla ya mzee wa Thai Binh kuambiwa ni ardhi mpya. Februari 2001, bei ikiwa imelala chini kabisa, maelfu ya watu wa jamii za wenyeji waliandamana Dak Lak na Gia Lai wakidai ardhi na uhuru wa kuabudu. Polisi na jeshi waliwazima, na wengi wakakimbilia Kambodia. Nilimuuliza kaka ndani ya basi. Alisema kwamba nyumba zile zinavutia sana kwa picha, kisha akaenda kukaa mbele kwa dereva. Mezani kwa mzee nilikuwa mgeni, nilikuwa nimemwagiwa chai, na nilinyamaza. Nilikuja nikijiona mimi ndiye mwenye madai.

Kabla ya kuondoka nilitoa pakiti ya amwani kwenye shanta. Huwa nasafiri nayo; inauzwa Bukoba ikiwa imefungwa kwa majani makavu ya mgomba, na shangazi wa Leipzig alikuwa amekwisha kuionja kwenye treni na kuitema kwa adabu. Nilimpa mzee buni moja. Aligeuza, akainusa, akaivunja kwa meno ya pembeni. Mbegu zikawa mbili, akanirudishia moja. Hakujua alichofanya, nami sikumweleza. Ingehitaji tafsiri ndefu na basi lilikuwa linangoja. Alitafuna kwa muda mrefu. Akasema miaka arobaini amelima kitu hiki na hajawahi kukila.

Kisha akatoa simu kunionyesha bei ya asubuhi. Ilikuwa imepita dong 90,000 kwa kilo ya buni iliyokobolewa, karibu shilingi 9,000 za kwetu, juu kuliko alivyowahi kuona. Ukame ulikuwa umepunguza mavuno, na majirani zake wengi walikuwa wameshang'oa mibuni ili wapande duriani, kwa sababu China ilianza kuyanunua rasmi mwaka 2022. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na rundo la mashina yaliyokatwa, bado mabichi, na mtu alikuwa amejaribu kulichoma. Lilikuwa linafuka.

Nilipiga simu nyumbani nikiwa Saigon, usiku wa mwisho. Babu ana miaka 84 na husikia kwa sikio moja. Alitaka kujua kama ni kweli wanaikata kichwa, na maji wanayatoa wapi. Nikasema visimani. Akauliza visima vya kina gani, nikasema mzee aliniambia kila miaka michache wanachimba zaidi. Akanyamaza. Akampa simu mama mdogo.

Yeye hakuuliza habari za visima. Aliuliza bei. Nilimtajia kwa shilingi, nikamsikia akizidisha kwa sauti ya chini kama afanyavyo siku zote, haraka kuliko mimi mwenye shahada mbili. Kisha akauliza kama najua miche inatolewa wapi siku hizi, ile isiyoshikwa na mnyauko. Nyuma yake babu alikuwa anasema kitu. Alikuwa anasema mashimo yachimbwe mapema, yakae wazi miezi miwili mitatu, yangoje mvua za Septemba.